Kesi ya Bakuli la Makande

Watani wetu husema kwamba Mpare yu radhi kuuza ng'ombe ili apate fedha za kuendesha kesi ya kuku. Nimeusikia utani huo tangu utotoni mjini Same, na nimeusikia tena Unguja ninakoishi sasa, aghalabu kutoka kwa watu ambao hawajapata kuiona milima yetu hata kwa mbali, kupitia dirisha la basi. Siukanushi. Nauliza tu: ikiwa kuku yule alichukuliwa kwa dharau, je, shauri lile lilikuwa la kuku? Leo nafungua shauri la kitu kidogo kuliko kuku, nacho ni bakuli la makande. Na kwa kuwa mmoja wa washtakiwa ni mimi mwenyewe, sitaweza kusema kwa sauti kubwa kama ambavyo ningependa.

Shauri lenyewe lilianzia mbali na Same. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ameolewa Marekani na ana watoto wawili. Siku moja alinipigia simu kunieleza safari yao ya bustani moja ya maburudani, zile bustani kubwa zenye bembea za umeme, majumba ya kifalme ya bandia na vikaragosi vinavyotembea. Humo mna mikahawa ambamo mtu haendi kula tu. Familia ikiwa mezani, mtu aliyevaa vazi zima la mnyama wa katuni anayejulikana na kila mtoto hupita meza hadi meza, akakumbatia, akapigwa picha, akaenda zake. Mpwa wangu alilipa fedha ambazo, kwa hesabu yake, zingeilisha familia ya Same kwa mwezi. "Na chakula chenyewe, mjomba," akasema, "mayai yamepoa yamekuwa kama raba, viazi vimekauka, mkate wa jana. Tulipokwenda mara ya kwanza, miaka sita nyuma, kilikuwa chakula cha watu." Nikamwuliza kama watarudi. Akacheka. "Tutarudi. Yule mdogo alilala ameikumbatia ile picha."

Mayai niliyasahau. Kicheko kile kilikaa nami siku nyingi, kwa sababu nilikuwa nakijua. Nilipata kukisikia usiku mwingi chini ya milima ya Upare, na mimi ndiye niliyekuwa nikikisababisha.

Swali ni jepesi kulitamka: mtu aliyelishwa vibaya mahali ambapo hakuja kwa ajili ya chakula, je, amedhulumiwa?

Wako watakaojibu kwamba hakudhulumiwa, na hoja yao haipuuziki. Kwanza, hakuna aliyedanganywa. Mama yule anajua kwamba ndani ya manyoya mna kijana anayetokwa na jasho, na anajua kwamba fedha anayotoa ni ya kumbatio na picha. Chakula katika biashara ile ni kama kiti: kinatosha maadamu hakivunjiki. Pili, yeye mwenyewe amesema atarudi kwa miguu yake, na aliyeridhia huwezi kumwita mdhulumiwa. Tatu, wanaweza kutuuliza sisi tulio visiwani: mwakwenda arusini kwa ajili ya pilau? (Nawajua wanaokwenda kwa ajili ya pilau, lakini tuyaache hayo.)

Mwenye mkahawa naye ana hesabu zake, na hesabu hizo hazina chuki ndani yake. Meza zake zimejaa kabla hajawasha moto. Kilicho adimu kwake ni kikaragosi. Mayai yapo kila mahali. Shilingi anayoiongeza jikoni haimletei mgeni hata mmoja wa ziada, na shilingi anayoipunguza haimfukuzi hata mmoja. Kwa hiyo chakula hakianguki kwa kishindo. Kinashuka kijiko kwa kijiko: mwaka huu siagi, mwakani mpishi mmoja, mwaka wa tatu saa za moto. Kampuni ya Disney ilipoanzisha mwaka 2005, katika bustani zake za Florida, mpango wa kulipia milo mapema pamoja na chumba, wageni wake wa zamani walianza kunung'unika kwamba vyakula vya mikahawa mbalimbali vimeanza kufanana. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2020 wakati wa janga la korona na kurejeshwa mwaka 2024; manung'uniko hayakuhitaji kurejeshwa, maana hayakuwahi kuondoka. Aliyekwisha kulipa hapimi sahani kwa sahani. Hilo wanalijua pia wenye hoteli wa fukwe zetu za mashariki, ambako mgeni hufungwa utepe mkononi siku ya kwanza na hatoi tena fedha mpaka siku ya kuondoka.

Meza za namna hii zina historia, na sisi wa pwani hatuna budi kuijua, maana tumo ndani yake. Bustani ya kwanza ya Disney ilifunguliwa California mwezi Julai mwaka 1955, na mwezi uliofuata ukafunguliwa humo mkahawa wa chapati za maji za Kimarekani uliopewa jina la Aunt Jemima. Jina hilo lilikuwa la tangazo la unga: mwanamke mweusi, mnene, mwenye kilemba na tabasamu lisilokoma, mpishi wa nyumba za mabwana. Kwa miaka kadhaa mwanamke mweusi, Aylene Lewis, alivaa kilemba kile akapita baina ya meza kuwaamkia wageni na kupiga nao picha. Kazi yake hapo haikuwa kupika. Alikuwa akiigiza mpishi, na wapishi wa kweli walikuwa nyuma ya ukuta. Ilichukua hadi mwaka 2020 kwa kampuni ya unga kutangaza kwamba inaliacha jina lile. Kabla ya bata na panya kuzoea kuzunguka mezani, basi, aliyezunguka alikuwa mtu, na vazi alilovishwa lilikuwa hadithi ya utumwa iliyotiwa sukari.

Kisha ikaja zamu yetu. Mwezi Aprili mwaka 1998 kampuni hiyo hiyo ilifungua Florida bustani ya wanyama, na ndani yake ikajenga kijiji kiitwacho Harambe. Wabunifu wake walikuja kutazama Lamu, wakarudi na kuta zilizobambuka chokaa, milango na mabango ya Kiswahili, hata nyufa wakazichora. Katika kijiji hicho upo mkahawa uitwao Tusker House, ambamo bata Donald aliyevaa nguo za safari hupita mezani na wenzake. Hoteli ya jirani, iliyofunguliwa mwaka 2001, ina mikahawa iitwayo Jiko na Boma. Sijafika huko na sisemi neno juu ya mapishi yao. Nasema juu ya neno "jiko" tu, ambalo kwetu ni mahali pa mawe matatu na ni namna ya kumtaja mke kwa heshima na utani, na ambalo huko limekuwa jina la mlangoni.

Wala tusijifanye tumeibiwa tukiwa usingizini. Kundi la Them Mushrooms lilipotoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, wimbo ule ulikuwa umetungwa kwa ajili ya masikio ya watalii wa hoteli za Mombasa, watu waliokuwa mezani wakila. Maneno mawili ya kutuliza moyo yaliyomo humo yakapata kuwa wimbo mwingine katika filamu ya *The Lion King* mwaka 1994, na Disney ikayaandikisha kuwa alama yake ya biashara kwa ajili ya nguo. Usajili ukakamilika mwaka 2003. Mwaka 2018 watu wengi wa Afrika walitia saini kupinga. Nami nilitia. Lakini nilipokuwa nikitia saini ile nilijua kwamba nami nimepata kuuza maneno mezani, tena kwa bei ndogo zaidi.

Mwaka 2013 nilirudi Same kumwuguza mama. Nilikaa miaka miwili. Kazi ya kutafsiri ilikuwa haba, na bili za dawa hazikuwa haba. Chini ya mlima, mbali kidogo na mji, palikuwa na nyumba ya wageni ambayo sitaitaja, ikipokea vikundi vinavyokwenda Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na ambayo katika miaka ya 2000 ilipandishwa hadhi ikawa hifadhi ya taifa. Mwenye nyumba ile alibuni kitu alichokiita Usiku wa Kipare: ngoma, hadithi za wahenga, na makande ya asili. Alihitaji mtu wa kupita mezani ajuaye Kiingereza na Kijerumani kidogo. Kiingereza changu nilikiokota katika kamusi na magazeti ya kufungia nyama. Kijerumani nilianzia kwenye kitabu cha nyimbo alichoachiwa babu na wamisionari wa Kiadventista, waliofika Upare wa kusini mwaka 1903. Nikaajiriwa kuwa Mzee.

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na ushei. Nikaambiwa nifuge ndevu na nisizitie rangi. Nikapewa ngozi ya mbuzi ya kutupia begani, mkongojo, na kibuyu kisicho na kitu. Baba yangu alikuwa karani katika stesheni ya reli ya Same. Sikumbuki kumwona akivaa chochote ila suruali ya kaki na shati jeupe lenye wino mfukoni. Lakini nani angelipia kupiga picha na mtoto wa karani? Nikavaa ngozi. Nikapita meza hadi meza nikisimulia habari za wahunzi wa Ugweno waliofua chuma cha majembe na mikuki, habari za ndiva, yale mabwawa ya asili yanayokusanya maji ya mlimani usiku ili mashamba yanyweshwe mchana, na habari nyingine nilizozibuni papo hapo, Mungu anisamehe, nilipoona mtoto anaanza kusinzia.

Mpishi alikuwa mama wa makamo kutoka milimani, niliyemwita shangazi ingawa hatukuwa na udugu. Msimu wa kwanza alipika kama mtu anayemkaribisha mkwe. Msomaji wa pwani ambaye makande anayajua kwa jina la pure, au aliyekula githeri ya Kenya, asidhani kwamba ni kuchemsha mahindi na maharage tu. Mahindi makavu hutiwa maji kidogo, yakatwangwa kinuni taratibu mpaka ganda litoke na punje isivunjike. Hupepetwa, yakalowekwa pamoja na maharage usiku kucha. Asubuhi hutelekwa juu ya kuni, moto ukiwa mkubwa mwanzoni kisha ukapunguzwa, na chungu kikaachwa kinong'one hadi alasiri. Yakiiva barabara, punje hufunguka kama ua, na mchuzi wake huwa mzito bila kutiwa kitu. Hapo ndipo huja kitunguu, na nazi kwa wanaopenda, na pembeni kibuyu cha maziwa ya mgando. Ndicho chakula cha mtu maskini, na kinataka siku nzima ya mtu.

Siku nzima ya mtu ni gharama. Msimu wa pili mwenye nyumba aliongeza wapiga ngoma wanne na taa za rangi, na kwa ajili hiyo akamwondoa msichana aliyekuwa akitwanga. Mahindi yakaanza kupikwa na ganda lake. Kisha kuni zikapunguzwa, na maharage yasiyolowekwa yakatiwa magadi ili yalainike upesi. Maziwa ya mgando yakabadilishwa kwa ya pakiti. Nilimwuliza shangazi mbona. Hakunitazama. "Mwulize tajiri wako." Nilipomwuliza tajiri, alijibu bila ubaya wowote, kama mtu anayenisifu: "Hawaji kula, mzee. Wanakuja kukuona wewe." Nililipwa kwa usiku mmoja zaidi ya alicholipwa shangazi kwa siku tatu.

Na wageni walikula. Waliacha nusu, wakapangusa midomo, wakacheka kile kicheko cha mpwa wangu, wakasema ni vizuri sana. Mtu pekee aliyesema kweli alikuwa dereva mmoja, mzaliwa wa Gonja, aliyeleta kikundi kutoka Arusha. Madereva hula nyuma, karibu na jiko, ambako hakuna Mzee wala ngoma. Alitia kijiko kimoja mdomoni, akasukuma bakuli, akasema: "Haya si makande. Haya ni mahindi na maharage yaliyokutana njiani." Shangazi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. Sikupata kuona uso wa mtu ukizimika vile.

Usiku ule ule, mgeni mmoja, mwalimu wa shule huko Uholanzi, mtu mpole, aliniuliza huku ameshika kijiko: "Hivi ndivyo anavyopika mama yako?"

Nikasema ndivyo.

Kazi ya mfasiri, msomaji, ni kusimama baina ya watu wawili na kutomhini yeyote. Nimepata kufasiri vibaya kwa kutojua. Hilo halinisumbui sana, maana aliyejifundisha mwenyewe hujikwaa mpaka kaburini. Lakini neno lile nililifasiri vibaya hali nikijua. Nilimhini mwalimu yule, aliyeuliza kwa nia njema. Nilimhini shangazi, kwa kuuvika uzembe aliolazimishwa jina la mila. Na nilimhini mama, aliyekuwa kitandani mwendo wa nusu saa kutoka pale.

Wafanyakazi tuliruhusiwa kuchukua mabaki. Nilimpelekea bakuli. Mama alitafuna kidogo, akakiweka kijiko taratibu, akaniuliza: "Huko kumefiwa?" Nikamjibu hapana, kwa nini? "Naona waliopika walikuwa na haraka."

Sasa narudi kwa wale wanaosema kwamba hakuna aliyedhulumiwa. Naikubali hoja yao ya kwanza nusu: vazi si uongo. Mtoto anayemkumbatia bata anajua na hajui, kama sisi tunavyojua na hatujui tunaposikiliza ngano, na furaha yake ni ya kweli. Hata ngozi yangu ya mbuzi pengine ingesameheka. Kosa naliona mahali pengine. Mgeni wa kawaida akiletewa chakula kibovu ana kinywa. Atamwita mhudumu, atakataa kulipa, au atanyamaza na asirudi, na huko kutorudi nako ni usemi. Lakini atalalamikaje mbele ya kikaragosi? Kulalamika hapo ni kuivunja furaha ya mwanawe. Atalalamikaje mbele ya Mzee wa kimila mwenye ngozi na mkongojo? Ataonekana anaitukana mila ya watu. Basi hula, na hucheka. Ridhaa inayotajwa na watetezi ni ridhaa ya mtu aliyezibwa mdomo kwa kitu anachokipenda. Katika nyumba ile mimi nilikuwa kifuniko cha sufuria. Jinsi hadithi zangu zilivyozidi kunoga, ndivyo palivyowezekana kupunguza kuni.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilikuwa nikiijua methali ile tangu darasa la pili, na nilijitembeza meza hadi meza kwa misimu miwili kabla sijaisikia.

Wala haihitaji ngozi wala manyoya. Yeyote aliyesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi anazijua hoteli za njiani, kuanzia Korogwe na Mombo hadi Hedaru na Same, ambako basi husimama kwa makubaliano ambayo abiria hakushirikishwa. Dereva na utingo hula bure. Abiria hupewa dakika ishirini, wali uliopikwa alfajiri, na mfupa. Atakwenda wapi? Pale kikaragosi ni basi lenyewe: linanguruma nje, na kila mtu anatafuna huku analitazama. Nimewaona watu wazima, watu wanaoheshimiwa makwao, wakilipia kile ambacho nyumbani wangempa mbwa, kisha wakikimbia na nusu ya kuku wa jana ndani ya karatasi.

Hapa naogopa kueleweka vibaya, kwa hiyo nitakaa kidogo. Sisemi kwamba mgeni ana haki ya kunoneshewa. Same ni nchi kavu. Mvua huishia milimani, na sisi wa chini hubakiwa na upepo na vumbi la mkonge. Jina Mkomazi lenyewe husemwa kuwa ni la Kipare, mko na mazi, kijiko na maji, yaani mahali ambapo maji hayajazi zaidi ya kijiko. Katika miaka ya njaa niliyoishuhudia utotoni, mama alipata kumpa mgeni uji mwepesi hata ukaonyesha chini ya bakuli. Lakini aliupika kwa mkono wake, akauchuja, akauleta kwa mikono miwili, akakaa naye mpaka alipomaliza. Mgeni yule hakushiba, wala hakudharauliwa. Uchache ni jambo moja na upurukushani ni jambo jingine, na ulimi wa mtu hutambua tofauti hiyo hata pale adabu inapoukataza kusema. Siagi ya mpwa wangu haikukosekana kwa ukame.

Na hapo ndipo namwelewa yule Mpare wa utani anayeuza ng'ombe. Mwezi Januari mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani wakakusanyika Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Marehemu Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu, ameyaandika hayo kwa kirefu. Wazee wale hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa kiwango kimoja kwa wote. Walichokataa ni kukadiriwa: mtu kuketi na kuamua moyoni mwake kwamba fulani anaweza kutoa kiasi gani, kisha akamwandikia. Mwenye mkahawa wa vikaragosi naye amekadiria. Amemtazama mama mwenye mtoto mkononi, akakadiria ni kiasi gani cha ubaya anaweza kukimeza bila kusema, na kila mwaka anapandisha kipimo kidogo. Nami nilikuwa karani wake wa makadirio, kwa maana kila usiku niliripoti: wamefurahi.

Nawaandikia zaidi wenzangu washairi, kwa sababu nao huitwa. Hualikwa katika karamu za hoteli za visiwa vyetu, usiku uliopewa jina la Uswahili, ambapo kuna udi, kanzu iliyopigwa pasi, mpiga ganuni, na bafe ndefu yenye biriani ya jana iliyofunikwa kwa nyanya za leo. Hulipwa vizuri kuliko gazeti lolote linavyoweza kuwalipa. Siwakatazi, nina deni la dawa la kunikumbusha nisiwe mkali. Lakini kabla ya kupanda jukwaani, na apite kwanza jikoni, aonje kilichomo ndani ya sufuria, amtazame usoni aliyepika. Akikuta mpishi haangalii mtu, ajue vina vyake vitatumika kwa kazi gani. Mizani sahihi haiivishi maharage.

Nilipoacha kazi ile sikufanya ushujaa wowote. Mama alifariki mwishoni mwa mwaka 2014, haja ya fedha ikapungua, nami nikarudi Unguja. Ngozi ya mbuzi niliiacha msumarini, na nasikia alipatikana Mzee mwingine, mwenye ndevu nzuri kuliko zangu.

Mwaka jana nilipita Same kwenda kwenye mazishi milimani. Stendi ya mabasi, nyuma ya wauza vitunguu na tangawizi ya Mamba Miamba, nilimkuta shangazi. Ana meza moja, mabenchi mawili na chungu kimoja. Wateja wake ni wapakiaji mizigo, waendesha bodaboda na mama wa sokoni, watu wanaorudi kesho na ambao wakikuta ganda katika punje hulitoa mdomoni na kuliweka mezani mbele yake. Alinitambua kwa sauti. Nikataka kumweleza yale ambayo nimeyaandika hapa, kwamba nilipaswa kusema jambo usiku ule dereva alipokuwa amekaa pale na yeye amesimama. Nilianza vibaya, kama mtu anayetoa hadithi.

"Kaa ule," akasema. "Una haraka?"

Nikasema sina. Basi langu lilikuwa linapiga honi. Akapakua bakuli, akalifuta ukingoni kwa kitambaa, akalileta kwa mikono miwili.